Springi za Baba

Nilikuwa kimya majuma mawili. Kwa wale walioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu au nimefukuzwa kazi, jibu ni hapana kwa yote mawili. Nilikuwa nyumbani Nyamiaga, wilayani Ngara, na sehemu kubwa ya likizo yangu niliimaliza nikiwa nimelala chali chini ya gari.

Basi nianzie mwanzo. Baba alifariki mwaka 2022. Alituachia shamba la migomba na kahawa, nyumba, na Land Rover Series III pikapu ya turubai, ile ndefu ya inchi 109. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Hii yetu kadi yake inasema 1977, na baba aliinunua mkononi mwaka 1989, miaka mingi kabla sijazaliwa. Tangu azikwe ilikuwa imekaa nyuma ya nyumba, kuku wakitagia kwenye kiti cha abiria.

Mwaka huu kaka yangu akapata mnunuzi. Ni jamaa wa Arusha ambaye kazi yake ni kufufua magari ya kale. Akasema yuko tayari kutoa milioni 14, ila gari liwe na vitu vyake vya kiwandani. Swali lake la kwanza kwenye simu halikuwa injini. Aliuliza, "Springi ni zake?"

Kaka akajibu bila kumeza mate, "Zote orijino, mzee." Halafu akanipigia mimi. "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi. Njoo uthibitishe, upige picha, uandike maelezo mazuri. Yule bwana anapenda maelezo."

Fedha zilikuwa na kazi inazisubiri. Mdogo wetu wa kike yuko chuo mwaka wa pili, na mkopo anaopata haufiki nusu ya ada. Kwa hiyo nikaomba likizo, nikapanda basi. Anayejua safari ya Dar hadi Ngara anajua. Unafika Nyakanazi ukiwa umeshasahau kwa nini uliondoka nyumbani, na bado hapo una Lusahunga na vilima vyote vya mbele.

Sasa ndugu msomaji, mimi nilisomea uandishi wa habari, si makanika. Nilidhani springi ni springi. Nikaingia mtandaoni, nikasoma kwamba springi za orijino hutambulika kwa mistari ya rangi iliyopakwa kiwandani. Asubuhi nikaenda na tochi na mswaki kutafuta mistari. Mzee mmoja ambaye amekuwa fundi hapa tangu enzi za baba akanitazama muda mrefu, akaniuliza, "Kijana, unalipigisha gari mswaki?"

Nikamwamkia, nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini. Mistari ya rangi, akasema, ni ya springi za kuviringika, kama zile za Range Rover, ambazo Land Rover za kawaida hazikuanza kuwekewa mpaka ilipotoka One Ten mwaka 1983. Hii yetu ina springi za majani, chuma bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine, ndefu juu na fupi chini, kote kwenye magurudumu manne. "Hapa hutafuti rangi," akasema. "Rangi hata mimi nakupakia sasa hivi. Usiamini rangi, amini kutu."

Kwa siku tatu zilizofuata nilipata darasa ambalo chuo kikuu sikulipata.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba springi za Land Rover hizi haziko sawa kulia na kushoto. Gari hili usukani uko kulia, dereva anakaa kulia kila siku, na tangi la mafuta liko chini ya kiti hicho hicho. Abiria anaweza kuwepo au asiwepo, lakini dereva na tangi wapo daima. Kwa hiyo kiwanda kiliifanya springi ya upande wa dereva iwe imejipinda zaidi kidogo kuliko mwenzake, ili gari likibeba uzito wake likae sawa. Ukizibadilisha pande, au ukifunga mbili za upande mmoja, gari linalala. Wengi wanaouza springi hawalijui hilo, na wanaonunua ndiyo kabisa.

Tukapandisha gari kwa jeki, tukaweka magogo, tukafungua. Bolti zilikuwa zimeshikana na kutu hivi kwamba mbili tulizikata. Springi zote nne tukazilaza chini kwenye turubai, tumbo juu. Fundi akavuta uzi kutoka jicho la mwanzo hadi jicho la mwisho la kila springi, nikapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi kwenye chuma. Za mbele zilikuja kama alivyosema, ya dereva imejipinda zaidi. Za nyuma zikaja kinyume. Ya dereva ilikuwa bapa kuliko ya abiria.

"Enhe," akasema fundi. Hakuongeza neno.

Jambo la pili ni upana. Majani ya Land Rover hizi yana upana wa inchi mbili na nusu, yaani milimita 63 na nusu. Nikapima jani moja baada ya jingine, kote ni 63 na nusu, ukiacha kutu. Hata kwenye ile springi ya mashaka, kote 63 na nusu. Nikafurahi, nikaanza kutunga maelezo ya mnunuzi kichwani.

Fundi akaniambia nipitishe kidole pembeni ya kila jani. Kwenye jani la tatu la springi ya nyuma kulia kidole kikakwama. Pembeni kulikuwa na michirizi midogo midogo iliyolala upande mmoja. Ni alama za grainda. Majani mengine pembeni yako laini, yamezungushwa kidogo, kama yalivyotoka kiwandani. Hili lilikuwa pana zaidi, mtu akalisaga mpaka likaingia.

Jambo la tatu ndilo lililonimaliza. Tukafungua bolti ya katikati, majani yakaachana. Majani ya springi hufanya kazi kwa kusuguana. Gari likipanda tuta na kushuka, ncha ya jani la chini inachimba kijishimo kwenye tumbo la jani la juu yake, taratibu, miaka na miaka. Majani yaliyozeeka pamoja yana vijishimo vinavyolingana, kila ncha na shimo lake, kama meno ya juu na ya chini. Lile jani la tatu halikulingana. Juu yake, kwenye jani la pili, kulikuwa na kijishimo kirefu cha zamani kilichochimbwa na ncha nyingine, na pembeni yake kijishimo kipya zaidi kilichochimbwa na hili. Yaani hapa alikaa mwingine kwanza, akaondoka, akaja huyu.

Fundi akalishika, akalipima uzito mkononi. "Hili ni la Land Cruiser," akasema. "Limekatwa, limetobolewa tundu la katikati, limesagwa pembeni. Na aliyelifanya alijua kazi. Hakulichoma moto kwa gesi, angeua ugumu wa chuma."

Jioni nikamwambia kaka. Akasema, "Jani moja kati ya springi nne? Lipake rangi, rudisha, piga picha kwa juu." Nikamwambia yule bwana ataifungua. Akasema, "Akiifungua atakuwa ameshalipa." Kisha akanikumbusha ada ya mdogo wetu, kana kwamba nilikuwa nimeisahau.

Sikulala vizuri. Kazini nimewahi kukaa kikao kizima tukibishana kuhusu neno moja kwenye kichwa cha habari, kama ni la kweli au la kuvutia tu. Ni rahisi kuwa mkweli kwa mambo ya watu wengine.

Asubuhi mama alinikuta nimekaa mlangoni na lile jani magotini. Alikuwa anatoka shambani, na mkononi ana muhoro, ule mundu tunaopunguzia majani ya migomba. Akasimama.

"Mmelitoa?" akauliza.

"Unalijua, mama?"

"Baba, mimi ndiye niliyeshika taa wakati linafungwa."

Halafu akakaa, akanieleza. Ilikuwa mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia hapa kwetu Ngara kwa takribani siku moja tu. Wakaweka kambi Benaco, mahali ambapo jina lake lenyewe ni la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Hayo mimi nayajua. Mwaka 2024, kwenye kumbukumbu ya miaka 30, niliyaandika gazetini, ukurasa mzima, kutoka kwenye ripoti na vitabu. Nilipongezwa hata na mhariri, na kwetu hilo si jambo dogo.

Ila sikuwahi kumuuliza mama.

Mama anasema baba alikuwa na gari, na wenye magari walikuwa wachache. Wiki ile hakulala. Anapeleka ndizi na maharage, anarudi na watu wasioweza kutembea kuwafikisha hospitali ya Murgwanza. Mara ya kwanza alihesabu abiria, baadaye akaacha kuhesabu. Usiku mmoja akarudi gari limelala upande wa kulia kama ng'ombe aliyevunjika mguu. Jani lilikuwa limekatika katikati, kwenye tundu la bolti. Spea ya Land Rover ingetoka wapi wakati ule? Fundi wa magari ya shirika moja la misaada akampa jani la Land Cruiser lililovunjika ncha, hakutaka hata senti. Wakalikata na kulisaga usiku ule ule, mama akiwa ameshika karabai. Alfajiri baba akaondoka tena.

"Akawa anasema hilo jani ndilo limelibeba gari," akasema mama. "Mimi namwambia majani ni mengi hapo, huwezi kujua ni lipi."

Nikamuuliza lile la zamani lililovunjika lilienda wapi. Akaninyooshea muhoro.

Kipande kimoja baba alikipeleka kwa mhunzi. Chuma cha springi ndicho wahunzi wa huku wanachokipenda, kwa sababu kinashika makali na hakijipindi ovyo. Na mkoa huu wetu wa Kagera si wageni kwenye chuma. Watafiti waliandika tangu mwaka 1978 kwamba watu wa upande wa Buhaya walikuwa wakikiyeyusha kwenye matanuri ya udongo karibu miaka 2,000 iliyopita. Nikauchukua muhoro nikautazama. Pale chuma kinapoingia kwenye mpini kuna nusu ya duara, imelika lakini inaonekana. Ni nusu ya tundu la bolti. Nimeukata nao mgomba utoto wangu wote bila kujua ninashika springi ya orijino.

Mchana nikampigia yule bwana wa Arusha. Nikamweleza kila kitu kwa mpangilio: springi tatu ni zake, pande zake sahihi. Ya nyuma kulia ina jani moja la Land Cruiser lililosagwa, ndiyo maana imelala. Akanyamaza. Akauliza nimejuaje. Nikamweleza uzi, grainda na vijishimo. Sikumweleza habari za 1994, kwa sababu sikutaka ionekane naiongezea bei.

Akasema, "Kijana, watu wote wananiambia ni orijino. Wewe wa kwanza kuniambia ni jani la ngapi." Halafu akapunguza laki nane. Msidhani ukweli una bonasi.

Kaka alininunia siku mbili. Siku ya tatu alikuja na soda, akasema laki nane ni nyingi lakini si ugomvi wa kurithishana. Tukapiga hesabu upya. Ada ya mwaka huu inatosha, ya mwaka ujao tutachanga, na mimi nimeahidi kiasi ambacho mshahara wa mwandishi haukijui bado.

Gari litachukuliwa mwezi ujao. Yule bwana anayo springi ya nyuma ya upande wa dereva huko kwake, kwa hiyo ile yetu haihitaji. Nilimwomba jani la tatu libaki. Akasema hana kazi nalo.

Nilitaka kuja nalo Dar, niliweke mezani, niwe naliangalia ninapoandika. Nikamwambia mama. Akanitazama kama fundi alivyonitazama na mswaki.

"Chuma kizuri kama hicho ukakiweke mezani?" akasema. Ameshaulizia bei kwa mhunzi. Muhoro wa zamani umechoka, anahitaji mwingine.