Nafasi ya Tapeti

Nilipokuwa na miaka 17 niliunguza valvu ya pikipiki ya mtu, nikanyamaza. Nilinyamaza miaka tisa.

Ilikuwa baada ya mtihani wa kidato cha nne, nikishinda gerejini kwa mjomba wangu, Morogoro. Mjomba alinifundisha kuseti tapeti: injini iwe imepoa, pistoni iwe juu, bamba la kupimia lipite kati ya roka na shina la valvu kwa kukwaruza kidogo tu. Nafasi yenyewe haizidi sana unene wa unywele. Injini iliyosetiwa vizuri hutoa mlio mdogo, tik-tik-tik, kama cherehani ya jirani. Mlio ule uliniudhi. Niliuona ni dalili ya kazi mbovu. Siku moja mjomba alipokwenda kuswali, nikakaza tapeti za pikipiki ya kijana mmoja wa bodaboda mpaka injini ikatulia kabisa. Mwenyewe alifurahi, akanipa shilingi 1,000 ya soda.

Baada ya wiki tatu hivi alirudi akiisukuma. Mjomba alipofungua silinda hedi, valvu ya ekzosi ilikuwa imeungua ukingoni. Ilikuwa mpya, haijamaliza hata miezi miwili, kwa hiyo aliamua kwamba ni feki. Alikwenda dukani kwa aliyemuuzia, akamwambia mbele ya wateja kwamba anauza takataka. Walikuwa marafiki wa miaka mingi. Tangu siku hiyo wakipishana njiani hawasalimiani. Kijana wa bodaboda alikaa siku tisa bila kazi, na gharama zote mjomba alizibeba yeye. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika spana.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo huku Bologna, mji ambao kiwanda cha Ducati kiko pembeni yake, Borgo Panigale. Huwezi kusoma injini hapa bila kukutana na jina la Fabio Taglioni, mhandisi aliyejiunga na kiwanda hicho mwaka 1954. Tatizo lililomsumbua ni springi. Katika injini ya kawaida kemshafti huifungua valvu, na springi huirudisha. Injini ikizunguka kwa kasi sana, springi huchelewa. Valvu huelea, haijafika nyumbani, na pistoni inakuja. Zikigongana, injini imekwisha. Isitoshe, springi za chuma za miaka ile zilikuwa zikikatika kwa kuchoka.

Jibu la Taglioni lilikuwa kutoiachia springi kazi hiyo. Kila valvu aliipa roka ya kuifungua na roka nyingine ya kuifunga, zote zikiendeshwa na kemu. Mfumo huo huitwa desmo, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kifungo na mwendo. Hakuwa wa kwanza kuujaribu. Gari la mashindano la Mercedes-Benz W196 lilikuwa nao mwaka 1954. Lakini yeye aliung'ang'ania. Mwaka 1956 pikipiki yake ya sentimita za ujazo 125 ilishinda huko Hedemora, Sweden, ikiendeshwa na Gianni Degli Antoni. Wiki chache baadaye Degli Antoni alikufa katika mazoezi, Monza. Mwaka 1968 mfumo ule uliingia katika pikipiki za barabarani. Mwaka 1972 Paul Smart alishinda mbio za maili 200 za Imola akiwa juu ya Ducati ya sentimita za ujazo 750, silinda mbili zilizopishana kwa nyuzi 90, na Bruno Spaggiari akamfuata kwa Ducati nyingine. Baada ya hapo desmo ikawa kama ukoo: ukisema Ducati, umesema desmo.

Kwa fundi, desmo ni mzigo maradufu. Kila valvu ina nafasi mbili za kupima, ya kufungua na ya kufunga. Siku tulipokuwa tukizipima maabara, mwalimu aliuliza kwa nini tusizibane hizo nafasi mpaka sifuri, tuondokane na kelele. Darasa lilikuwa kimya. Nikajibu nikitazama meza: chuma kikipata moto hutanuka. Valvu ya ekzosi hupoa zaidi pale inapokaa kwenye kiti chake, joto likapita kwenda kwenye hedi. Ukiinyima nafasi, haikai sawasawa, moto unapita ukingoni, inaungua. Mwalimu akaniambia nimeeleza vizuri.

Sitasema kwamba ndipo nilipojua. Nilijua tangu mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Nilijua nikapata alama, na bado sikumpigia mjomba. Nilijiambia kwamba ni mambo ya zamani, kwamba valvu ile pengine ilikuwa feki kweli.

Kilichonikosesha raha ni jambo la mwaka 2020. Ducati walitangaza injini mpya ya silinda nne kwa ajili ya Multistrada, na ndani yake wakarudisha springi. Baada ya zaidi ya nusu karne ya kujitambulisha kwa desmo, walisema wazi kwamba kwa pikipiki ya safari ndefu springi za leo zinatosha, na valvu hazihitaji kukaguliwa mpaka kilomita 60,000. Wapenzi wao walinung'unika. Lakini kipimo kilikuwa kimepimwa, na kikasemwa. Mimi na digrii yangu nilikuwa nimeshindwa kusema habari ya tapeti moja.

Nilimpigia Jumapili. Shikamoo, marahaba, habari za baridi ya huko. Kisha nikamweleza yote, mpaka ile shilingi 1,000. Mjomba hakusema kitu kwa muda mrefu. Nyuma yake nilisikia pikipiki ikiunguruma bila kwenda, na chini ya muungurumo, tik-tik-tik.

"Kwa hiyo valvu ilikuwa nzima," alisema mwishowe.

"Ilikuwa nzima, mjomba."

"Miaka tisa nimemnyima mtu salamu."

Nilimwomba namba ya muuza spea nimpigie mwenyewe. Akakataa.

"Maneno haya hayasemwi kwa simu. Kijana wa bodaboda nitamtafuta mimi. Wewe unakuja lini?"

"Mwezi wa nane."

"Basi mwezi wa nane tutakwenda wote dukani. Utaanza wewe kusema, mimi nitafuata."