Magara: Maisha Juu ya Ziwa

Msafiri aondokaye Bujumbura kuelekea Rumonge huwa na ziwa mkono wa kulia na mlima mkono wa kushoto safari nzima. Pengine barabara hubanwa mno kati ya hivyo viwili hata dereva hulazimika kupunguza mwendo. Akiisha kupita Gitaza, hufika Magara: maduka machache, mitumbwi iliyovutwa ufukweni, harufu ya samaki aanikwaye juani, na wachuuzi wakimbiliao kila gari linaloonyesha dalili ya kusimama. Wengi hununua mukeke, samaki ambaye watu wa Kigoma humwita mgebuka, kisha huendelea na safari yao. Ni wachache wainuao macho kutazama njia nyembamba ya udongo mwekundu ianzayo nyuma ya maduka na kupanda moja kwa moja mlimani, kana kwamba aliyeichora hakuwa na subira ya kuzunguka.

Njia hiyo ndiyo uhai wa watu wa juu. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kiasi cha meta 773 juu ya usawa wa bahari, na safu ya milima igawanyayo maji ya Kongo na ya Nili hupita meta 2,000. Kati ya hapo pana mteremko ambao Warundi huuita Mumirwa. Mvua inyeshayo upande huu huteremka ziwani, na maji ya ziwa hutoka kwa mto Lukuga hadi Kongo na Bahari ya Atlantiki. Inyeshayo ng'ambo ya safu, huko Rutovu, husafiri hadi Misri.

Mgeni aliyezoea vijiji vya Tanzania, vyenye nyumba zilizopangwa kufuata barabara, atatafuta kijiji huku juu asikione. Kila jamaa huishi katika rugo lake, yaani boma lake, katikati ya migomba yake, na jirani yuko ng'ambo ya bonde dogo. Watu wakiulizwa watokako hutaja jina la mlima, na mlima huo ndio kijiji. Wana wazee wao wa kusuluhisha magomvi, bashingantahe, na Jumamosi asubuhi hukusanyika kwa kazi za pamoja.

Shamba la huku juu ni la ajabu kidogo. Mkulima hana haja ya kuinama sana, kwa maana ardhi imemsogelea usoni. Chini, karibu na ziwa, ndiko kwenye michikichi. Ukipanda unakuta mihogo, migomba na maharagwe, na juu zaidi kahawa, ambayo Wabelgiji waliwalazimisha wakulima kuipanda katika miaka ya 1930 na ambayo hadi leo huwapatia wengi fedha taslimu za mwaka. Mvua ni za kuanzia Oktoba hadi Mei, kisha huja kiangazi, vumbi likajaa na chemchemi zikapungua, na watoto wenye madumu wakaenda mbali zaidi.

Mama wa mlimani huamka kabla ya jua. Siku ya soko hujitwika mihogo au ndizi, mtoto mgongoni, akashuka kwa saa nyingi hadi Magara. Akirudi hubeba chumvi, sabuni, chupa ya mawese na kifurushi cha ndagala. Kushuka huumiza magoti na kupanda huumiza kifua, lakini huenda, maana chakula cha juu hakikamiliki bila cha chini. Kisamvu kilichotwangwa, kikachemshwa muda mrefu hata ule ukali wake ukaisha, kikatiwa mawese na konzi ya ndagala wakavu, kikaliwa na ugali wa muhogo, ni chakula ambacho mama wa nyumbani mahali popote angekionea fahari. Ndagala wakikosekana, maharagwe hushika zamu siku saba kwa saba.

Taabu kubwa ya njia hii huonekana mtu anapougua. Tangu Mei 2006 akina mama wajifunguao na watoto walio chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya serikali, na hilo ni jambo kubwa kwa nyumba isiyo na faranga mia. Lakini amri ya kuondoa malipo haikuufupisha mlima. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hubebwa kwa machela na wanaume wanne, wengine wanne wakifuata nyuma ili kupokezana, na mwenye taa akitangulia kuonyesha utelezi. Hakuna alipwaye kwa kazi hiyo, wala aikataaye, kwa kuwa kila nyumba inajua kwamba zamu yake itafika. Mvua inaponyesha, machela husubiri. Hapo ndipo penye hofu.

Mvua yenyewe imegeuka kuwa wa kuogopwa. Mwishoni mwa Machi 2015, huko Gitaza, mlima uliporomoka, ukaua watu, ukabomoa nyumba na kuifunga barabara ya Rumonge. Tope lile lilikuwa udongo wa mashamba ya juu. Mtu wa mjini husema upesi kwamba mkulima ndiye mkosa, amelima hadi kwenye genge na kukata miti. Hasemi kwa nini alifika huko. Baba aliyekuwa na shamba moja amewagawia wana wanne, nao wana wana wao. Binti, kwa mila, harithi kama kaka zake, hivyo naye hulima kijisehemu cha kuazimwa. Tena nchi hii ya kandokando ya ziwa imekimbiwa na kurudiwa zaidi ya mara moja. Machafuko yalipoanza Rumonge na Nyanza-Lac mwishoni mwa Aprili 1972, maelfu walikimbilia Tanzania, wakaishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Vita vya tangu 1993 vikawang'oa wengine. Waliorejea, hasa tangu 2008, walirudi na Kiswahili kizuri na watoto wasioujua mlima, wakakuta mtu mwingine ameshika jembe katika shamba la baba yao. Tume ya ardhi iliundwa 2006 kuamua kesi hizo. Aliyekosa tambarare alipanda juu.

Kwa hiyo watu huchimba mitaro ya kukinga mmomonyoko, wakaifuata mteremko kwa ukingo, na juu ya tuta hupanda majani ya malisho ambayo mizizi yake hushika udongo na majani yake hulisha mbuzi. Tangu 2018 mpango wa taifa uitwao Ewe Burundi Urambaye umekuwa ukipanda miti vilimani. Ni kazi ya kuchosha, na mtaro uliochimbwa mwaka jana hujaa mchanga mwaka huu, ukachimbwa tena. Aliye juu akiacha wake, wa chini yake hubomoka. Ndiyo sababu ugomvi wa mitaro nao umeingia mbele ya bashingantahe.

Watu wa ufukweni nao hawakusalimika. Katika miaka ya karibuni ziwa lilipanda, likaingia nyumbani mwa watu huko Rumonge na Gatumba, hata waliokuwa wakiwahurumia watu wa mlimani wakaanza kuuliza bei ya kiwanja juu.

Jioni, kabla ya kufunga mbuzi, watu wa mlimani hutazama chini. Ng'ambo, rasi ya Ubwari ya Kongo hufifia na kuwa kivuli. Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi huwaka majini moja baada ya moja, kwa kuwa ndagala hufuata mwanga gizani. Mbalamwezi ikitawala, wavuvi hupumzika na bei sokoni hupanda. Mama huzihesabu taa akiwa mlangoni. Zikiwa nyingi, huingia ndani na kupima maharagwe ya kupeleka Magara asubuhi.