Maji ya Mto Mara Kwenye Rejeta

Starlet ya baba mdogo ilikuwa na dumu la njano la lita tano ambalo halikutoka kwenye buti hadi siku gari lilipouzwa. Halikuwa dumu la mafuta, lilikuwa la maji. Kila tuliporudi kutoka Mugumu kuja Tarime tulisimama mara mbili, siku nyingine tatu. Baba mdogo alifungua boneti, akatupia tambara juu ya kofia ya rejeta, tukakaa pembeni kungoja mvuke upungue. Mwaka 1998 nilikuwa darasa la tano, na nilidhani magari yote husafiri hivyo.

Baba mdogo aliuza dawa za mifugo: za kuogeshea, za minyoo, pamoja na mifuko ya chumvi ya ng'ombe, ambayo ndiyo iliyokandamiza springi za nyuma mpaka gari likaonekana limechutama. Njia yake ni ile wanayoijua watu wa Mara. Unatoka Tarime mjini, unapita Mogabiri, unafika Nyamongo, unateremka hadi Mto Mara, unavuka na kuingia wilaya ya Serengeti mpaka Mugumu. Ni zaidi ya kilomita 80, na wakati huo zote zilikuwa vumbi na mawe kiangazi, na upande wa Serengeti udongo mweusi wa mbugani uliokuwa ukimeza tairi masika. Kwenda kulikuwa nafuu. Kurudi, gari lilipoanza kupandisha kutoka mtoni likiwa na watu watano na mbuzi, mshale wa joto nao ulianza kupanda.

Dumu tulilijaza mtoni. Nilikuwa nikitumwa mimi. Mto Mara unatoka mbali, kwenye msitu wa Mau huko Kenya, na masika unafika kwetu ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Nililiacha dumu litulie kidogo ili tope lizame, kisha baba mdogo akamimina, nasi tukaendelea. Hakuna aliyejiuliza tope lile lililobaki linakwenda wapi.

Fundi wake alikuwa na gereji chini ya mikaratusi, pembeni ya mji. Alikuwa fundi kweli, na hadi leo sijaona mwingine mwenye sikio kama lake. Alichukua bisibisi ndefu, akaiegemeza ncha kwenye injini inayounguruma, na mpini akauweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Alifumba macho. Kisha akasema: "Beringi ya alteneta hiyo," na ikawa ndiyo. Kabureta aliirekebisha kwa robo zamu ya bisibisi huku akisikiliza silensa, na plagi alizisoma kwa rangi: nyeusi ya masizi, gari linakula mafuta mengi, nyeupe, linaungua. Mimi alikuwa akiniita mura, yaani kijana kwa Kikurya, na alinishikisha tochi.

Fundi huyo huyo ndiye aliyetoa thamostati. Nakumbuka aliiweka kiganjani mwangu, kidude cha shaba kama kizibo chenye springi. Akamwambia baba mdogo kwamba kile ni cha nchi za baridi, huku kwetu kinazuia maji tu. Kwa wiki kadhaa Starlet ilipoa, kila mtu akafurahi. Ndipo ikaanza tena kuchemsha, safari hii mbaya zaidi, mpaka siku moja kijiti cha oili kilipotoka kikiwa na uji wa rangi ile ile ya maji ya mtoni. Gasketi ya hedi ilikuwa imeungua, maji na oili vimechanganyika. Hedi ilipelekwa Mwanza kuchongwa. Baada ya mwaka mmoja injini ikanoki kabisa, gari likauzwa kwa bei ya vyuma.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kilichotokea, na nimekielewa kwa gari langu mwenyewe, Toyota Vitz.

Vitz ilianza kutoka Japani mwaka 1999 kuchukua nafasi ya Starlet. Ilifika kwetu taratibu, ikiwa imetumika, na sasa kuanzia stendi ya Tarime hadi Sirari mpakani huwezi kuhesabu kumi bila kuiona moja. Yangu ni ya toleo la pili, lile lililoanza mwaka 2005, lenye injini ya silinda tatu, sentimita za ujazo 996. Niliinunua Mwanza kwa mtu. Haina kabureta wala mkanda wa taimingi, ina cheni. Na haina mshale wa joto. Pale ambapo Starlet ilikuwa na mshale, Vitz ina taa mbili tu: ya bluu, inayowaka injini ikiwa ya baridi, na nyekundu, inayowaka mambo yakiwa yameharibika. Katikati hapo dereva haambiwi kitu.

Wiki ya kwanza niliondoka Tarime alfajiri. Asubuhi za kwetu ni za baridi, tuko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo taa ya bluu haikunishtua. Nilipita Mogabiri, bado bluu. Nyamongo ilinikuta nayo bado inawakawaka kila nilipoteremka mlima. Gari lilikuwa linakula mafuta kama Noah, na silensa ilikuwa juu. Kijana mmoja wa gereji alichomeka mashine yake, akaisoma kwenye simu, akasema hakuna kosa lolote, labda nibadilishe koili moja. Nikabadilisha. Hali ikabaki ile ile.

Nikaenda kwa mzee wa mikaratusi. Amezeeka, gereji anaiendesha mwanawe, lakini alitoka nje. Hakuuliza mashine imesema nini. Aliwasha gari likiwa baridi, akaweka kiganja juu ya mpira wa chini wa rejeta, akakiacha hapo. Mpira ule ulitakiwa kubaki baridi dakika kadhaa. Ulianza kupata uvuguvugu mara moja. "Hii wameitoa," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini: "Kama nilivyoitoa mimi ile ya baba yako mdogo."

Akanieleza, naye alikuwa amejifunza kwa hasara za wengi. Thamostati hufungua maji yakifika nyuzi 80 na kitu. Ikitolewa, injini inafanya kazi ikiwa ya baridi, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kuongeza mafuta. Lililo baya zaidi ni kwamba kuitoa kunaficha ugonjwa. Starlet haikuwa inachemka kwa sababu ya thamostati. Rejeta yake ilikuwa imeziba kwa tope na kutu vilivyotokana na maji tuliyomimina sisi wenyewe kwa dumu la njano. Tena kwa mwinuko wetu maji matupu huchemka kwenye nyuzi kama 95 badala ya 100, kofia ya rejeta ikiwa imechoka na haishiki presha. Feni ya gari dogo nayo huwaka karibu na hapo hapo. Nafasi inayobaki ni ndogo mno. Kulanti pamoja na kofia nzima huinua kiwango hicho, na huzuia kutu kwenye injini ambayo sasa ni ya alumini.

Akaweka thamostati mpya, akaosha rejeta, akajaza kulanti. Siku iliyofuata taa ya bluu ilizimika kabla sijatoka mjini.

Mengine hayajabadilika sana. Barabara yetu bado inakula bushi, boli jointi na shokapu, ingawa lami imeanza kuingia kipande cha Mogabiri kuelekea Nyamongo. Eya klina naipuliza kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, kamwe si kinyume chake, maana ukipuliza kutoka nje unaisukumia injini vumbi la Serengeti. Oili ni lita tatu hivi tu, kwa hiyo ikipungua nusu lita ni jambo kubwa. Naipima kila Jumapili.

Mwaka jana nilimpeleka baba mdogo Mugumu kwenye msiba. Tulipoanza kupandisha kutoka Mto Mara tukirudi, alinyamaza, akawa anaangalia dashibodi akitafuta mshale. "Mura," akaniuliza, "dumu la maji liko wapi?" Nikamwambia halipo. Hakuamini mpaka tulipofika Tarime bila kusimama.

Wewe unayetaka kununua Vitz iliyotumika, usiende kuiona mchana ikiwa imeshazungushwa. Nenda asubuhi, iwashe ikiwa baridi, iendeshe, uangalie taa ya bluu. Ukifika kilomita ya tano bado inawaka, mwambie muuzaji akuonyeshe thamostati ilipo kabla hujatoa hata shilingi.