Msalimie Huyo Kijana

Mama hapendi redio. Nilipompigia simu kutoka Kiyeyi kumwambia kwamba kesho yake nitapanda Jiwe la Tororo pamoja na mzee mmoja mwenye redio ya kuongelea, alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Mtaongea na nani huko juu?" Nikamwambia, na yeyote atakayejibu. "Yeyote," akasema, na akakata simu mapema kuliko kawaida yake.

Ana sababu zake. Desemba 2007 tulikuwa ng'ambo, Kenya, na mimi nilikuwa na miaka 7. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30, na usiku ule ule jirani aliyezoea kutuazima chumvi alikuja kutuambia tutoke. Baadaye stesheni kadhaa za FM zililaumiwa kwa kuchochea watu katika lugha za nyumbani. Mama hakungoja tume imwambie, alikuwa ameshasikia kwa masikio yake. Njiani vijana walikuwa wamefunga barabara kwa mawe na swali lao lilikuwa moja tu: jina lako la mwisho ni nani? Ukisitasita unaambiwa utamke neno fulani kwa lugha yao, wasikie ulimi wako. Kabila letu sitalitaja hapa. Weka lako mahali pake na hadithi haitabadilika sana, ninyi mnaosoma mnalijua hilo kuliko mimi.

Tulivukia Malaba, tukalala shuleni, kisha tukapelekwa Mulanda, huku huku Tororo. Wafanyakazi wa mashirika hunisahihisha nikisema kambi. Mulanda kilikuwa kituo cha muda, na Kiryandongo, tulikohamishiwa mwisho wa 2008 na ninakoishi hadi leo, ni makazi. Sawa. Hema ni hema. Baba alikuwa amebeba vitu vichache, na kimoja kilikuwa redio yake ndogo. Betri zikiisha alizianika juani kama samaki ili zipate nguvu ya nusu saa nyingine, na jioni wanaume waliizunguka kusikiliza Kofi Annan amefika wapi. Tarehe 28 Februari Kibaki na Raila walitia saini. Watu wakapiga makofi. Wengine walirudi. Sisi hatukurudi.

Kule Mulanda alikuwa akija mama mmoja kutoka Kiyeyi kutuuzia viazi vitamu. Siku nyingine hakutaka pesa. Yeye ni Mjopadhola, na yeye na mama walielewana kwa Kiswahili cha sokoni, cha bei na cha pole. Ndiye niliyelala kwake safari hii, na ananiita "mtoto wa mahema" mpaka leo ingawa nina ndevu. Alinipa ugali wa wimbi na kunde, akaniuliza mama ana hali gani, mguu wake je, na mbona hajaja hata siku moja.

Huyo mzee wa redio nilimjua Kiryandongo. Ni fundi mstaafu wa mitambo ya simu, mtu wa Mbale, alikuja kutengeneza spika za kikundi chetu cha vijana na akakaa siku mbili akiwafundisha watoto kusoma rangi za nyaya. Ana leseni ya redio ya ridhaa. Kumbe kuna watu duniani ambao starehe yao ni kupanda mlima na redio mgongoni, kunyoosha waya kileleni na kuita. Mpango wao mkubwa unaitwa Summits on the Air, ulianzia Uingereza mwaka 2002, na sheria yake ni kwamba ili kilele kikuletee pointi lazima uwasiliane na vituo vinne. Usipande na gari, na umeme ubebe mwenyewe. Aliponiambia anataka kujaribu Jiwe la Tororo nilisema nakuja hata kabla hajanialika.

Tulianza asubuhi, mapema. Jiwe lile ni masalio ya volkano ya zamani, limesimama peke yake katikati ya mji, kilele chake kiko karibu mita 1,480 juu ya usawa wa bahari. Chini unaliona dogo. Ukifika kwenye ngazi zilizofungwa mwambani ndipo magoti yanakuambia ukweli. Mzee ana miaka zaidi ya sitini na alinisubiri mara mbili.

Juu kulikuwa na upepo na mijusi. Upande wa kaskazini Mlima Elgon ulikuwa umejifunika nusu. Mashariki mzee alinyoosha kidole: "Malaba ile pale. Baada ya hapo ni kwenu." Nilitazama sana. Mashamba ya upande ule yanafanana na ya upande huu, sikuona mahali yanapobadilika. Kadi yangu ya ukimbizi inaniruhusu kutembea Uganda. Kuvuka pale kwenda "kusalimia tu" ni jambo jingine, na kila mtu wa makazi anajua maswali yanayokungoja ukirudi.

Redio yenyewe inaingia kwenye mfuko wa mtoto wa shule. Nguvu yake ni wati 5, taa ndogo ya nyumbani inaweza kuizidi. Mzee alisimamisha mwanzi wa kuvulia samaki, akafunga waya katikati na kuuteremsha pande mbili kama paa la hema, mita 5 kila upande, kwa ajili ya mawimbi ya megahezi 14 yanayokwenda mbali. Akanipa daftari. Kazi yangu ilikuwa kuandika saa, alama ya mtu, na namna anavyosikika.

Kwanza alijibu mtu wa Afrika Kusini. Halafu Muitaliano. Nilicheka peke yangu. Wati 5!

Kisha mzee akaniambia niunganishe vipande vya waya ili kila upande uwe mita 10. Hayo ni mawimbi ya megahezi 7. Mchana hayaendi mbali sana, yanapanda juu angani na kurudi chini, na humwangukia mtu aliye kilomita mia tatu au mia nne. Akaita. Kimya. Akaita tena. Ikatoka sauti nyembamba, inaanza na 5Z. Uganda alama zetu huanza na 5X. 5Z ni Kenya.

Mkono wangu ulisimama juu ya daftari.

Walipeana alama kwa Kiingereza, wakaambiana tano-tisa, maana yake nakusikia vizuri. Halafu yule mtu akahamia Kiswahili, akauliza uko wapi hasa. Tororo, juu ya Jiwe. "Ala! Nimepita hapo na lori miaka mingi," akasema, naye yuko nje kidogo ya Nairobi, ana antena juu ya banda la kuku. Wakati wote huo sikusikia hata mara moja akiuliza jina la mwisho la mtu. Niliendelea kulingoja.

Nikamnong'oneza mzee: mwambie mimi ni Mkenya. Mwambie tulitoka 2008. Akatikisa kichwa na kuziba maiki kwa kiganja. "Leseni ni yangu, kijana wangu. Ujumbe wa mtu mwingine hatuvushi mpaka, labda kuwe na maafa." Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilitaka kumuuliza, kwani yetu yalikuwa nini? Lakini yeye hakuitunga sheria, na simu ninayo mfukoni. Kama ni kuzungumza na Kenya ningeweza kununua vocha.

Yule mtu akauliza, "Uko peke yako huko?"

"Niko na kijana ananiandikia."

"Msalimie huyo kijana. Na kwenu kunanyesha? Huku tunaomba mvua."

Mzee akanitazama. Nikaandika salamu kwenye daftari, mahali ambapo si pake. Hata saa nilikosea: niliandika 05:20, kwa sababu ilikuwa saa tano na dakika ishirini kwa hesabu yetu, ilhali daftari la redio linataka saa ya dunia, ambayo ingekuwa 08:20. Mzee alinisahihisha na kalamu nyekundu bila kusema kitu.

Tulibakiza mtu mmoja tu tupate wanne. Tukaita karibu saa nzima. Kisha Elgon akanguruma. Tororo ni mji wa radi, kuna miaka ilirekodiwa wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, na sisi tulikuwa tumekaa kwenye kilele chake tukishikilia waya. Kituo kimoja kilianza kutujibu, nilipata herufi mbili, lakini mzee alikuwa ameshachomoa kila kitu. "Shuka," akasema. "Pointi hazizikwi na mtu." Tulizikimbilia ngazi kinyumenyume.

Mvua ilinikuta Kiyeyi, mlangoni. Mama wa viazi alinipa khanga nijifute. Nikampigia mama.

"Mliongea na nani?"

"Mkenya mmoja."

Akanyamaza. "Alisemaje?"

"Alinisalimia. Aliuliza kama huku kunanyesha."

Nikasikia anahamisha kiti. "Hakuuliza kingine?"

"Hapana, mama."

"Na kunanyesha?"

Nikatoa mkono na simu nje, chini ya ukingo wa mabati, asikie mwenyewe.