CHUPA YA SODA

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Ndugu msomaji, mimi yalinijia papo hapo, nyumbani kwetu Junju.

Mwalimu alitufunza kwamba asidi ya haidrokloriki ikidondoka juu ya jiwe la matumbawe hutoa povu, na hewa itokayo ni kabonidayoksaidi. Mawe hayo ndiyo Baba huyachonga timboni. Nikataka kumwonyesha. Basi nikaiba asidi kidogo maabarani, nikaitia katika chupa ya soda, nikaificha chini ya meza.

Jioni mdogo wangu akaingia mbio, kiu imemshika. Lo! Kugeuka hivi, chupa iko karibu na mdomo! Hawe, nyanya yetu, akaipiga kofi ikaanguka. Iliyomrukia mkononi tuliiosha kwa maji, mitungi miwili mizima. Alilia sana, lakini alipona.

Kesho yake nikamweleza mwalimu yote. Hakunichapa. Alinipa karatasi na gundi nibandike majina kwenye kila chupa ya maabara. Akasema hata chuo kikuu kanuni ni hizo hizo: kemikali haitiwi katika chombo cha chakula, haikosi jina, wala haichukuliwi nyumbani. Na asidi kali ndiyo humiminwa kwenye maji, pole pole. Ukimimina maji kwenye asidi huchemka ghafla yakakurukia.

Natamani kusomea kemia Chuo Kikuu cha Pwani, hapo Kilifi. Lakini Baba hajaliona povu lile mpaka leo. Na mdogo wangu, nikimpa maji, huyanusa kwanza.