Filamu Fupi: Nani Mwenye Kauli?

Aghalabu tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, ngoma hutajwa kwanza, kisha mashairi, vinyago, mavazi na michezo ya jukwaani. Sinema huja mwisho, kama mgeni aliyechelewa shughuli, na wengi huihesabu kuwa mgeni kwelikweli: kitu kilichobuniwa ng'ambo, kikaletwa hapa kwa burudani za jioni na biashara ya wachache. Na hata pale sinema inapopewa nafasi, inayofikiriwa ni ile ndefu, ya saa moja na nusu au zaidi. Filamu fupi ya kuigiza, yaani ile inayosimulia kisa kizima kwa dakika kumi, ishirini au thelathini na kitu, huonekana kuwa zoezi tu la mtu anayejifunza kazi. Katika insha hii tunakusudia kuyapinga mawazo hayo. Tunaamini kwamba filamu fupi ni fani kamili, na kwamba katika Afrika ilikuwa miongoni mwa viwanja vya kwanza vya kugombea jambo kubwa: nani atasema juu yetu, na kwa kauli ya nani.

Wasomaji wetu walio walimu wa fasihi hawatapata taabu kutuelewa. Hakuna mwalimu anayewaambia wanafunzi wake kwamba hadithi fupi ni riwaya iliyokatwa mkia. Ngano walizotusimulia bibi zetu zilikwisha kabla moto haujafifia, na hata hivyo tunaishi nazo mpaka leo. Ufupi una sheria zake. Mwongozaji wa filamu fupi hana nafasi ya kutuonyesha ukoo mzima wala miaka ishirini ya maisha ya mtu. Humchagua mtu mmoja, mara nyingi siku moja, na tatizo moja. Kisha huacha kiatu kilichochakaa, au mlango uliofungwa, au jicho lililokwepa jicho jingine, viseme yale ambayo riwaya ingeyasema kwa kurasa kumi. Asiyejua la kuacha hawezi kazi hii.

Historia ya fani hii katika nchi yetu ilianza kwa namna ambayo yafaa vijana waijue. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, uliendeshwa mradi wa majaribio ya sinema za elimu kwa Waafrika, chini ya Mwingereza, Meja L. A. Notcutt, kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu 35 hivi, nyingi zikiwa fupi, zikapakiwa kwenye lori na kuonyeshwa katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Baadhi yake zilikuwa visa vya kuigiza hasa. Kimoja kilimhusu mtu aliyefukia fedha zake ardhini zikaibwa, hali mwenzake aliziweka katika benki ya posta zikasalimika. Kingine kilieleza madhara ya safura.

Hatusemi kwamba mafunzo hayo yote yalikuwa mabaya. Safura ilikuwa inadhoofisha watu kweli, na wezi walikuwapo. Kasoro ilikuwa kwingine. Nyuso katika filamu zile zilikuwa zetu, mashamba yalikuwa yetu, hata lugha ya maelezo mara nyingine ilikuwa yetu. Lakini kauli haikuwa yetu. Mwafrika alionyeshwa ili aambiwe, hakuonyeshwa ili aseme. Baadaye kitengo cha filamu cha makoloni, kilichoundwa na Waingereza mwaka 1939, kilishikilia kwamba Mwafrika lazima atengenezewe filamu za polepole na nyepesi, kwa kuwa eti akili yake haiwezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Watu waliozoea kufuata vitendawili, mafumbo na majibizano ya washairi walihukumiwa kuwa hawawezi kufuata picha!

Wala haikuwa kwamba vipaji vilikosekana. Miaka ya mwanzo ya 1950 kijana mmoja aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu na kupendwa na watazamaji. Kijana huyo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu wetu. Uwezo ulikuwapo, kilichokosekana ni mamlaka ya kusema.

Wenzetu waliotawaliwa na Ufaransa walifungwa kwa kamba nyingine. Amri ya mwaka 1934 ilimtaka kila atakayepiga filamu katika makoloni ya Ufaransa ya Afrika apate kibali cha serikali kwanza. Ndiyo maana Paulin Soumanou Vieyra na wenzake, walipotaka kutengeneza filamu yao fupi mwaka 1955, waliipigia Paris, wakaiita Afrique-sur-Seine. Waafrika walilazimika kwenda kwa mtawala ili wapate kujitazama wenyewe.

Kamba hiyo ilikatwa kwa dhahiri mwaka 1963, na aliyeikata ni Ousmane Sembène wa Senegal. Mtu huyu, aliyezaliwa Ziguinchor mwaka 1923, alikuwa kuli bandarini Marseille, akajifunza uandishi kwa juhudi zake, akatunga riwaya zilizomletea sifa. Lakini aliona kwamba wavuja jasho aliowaandika hawakuweza kumsoma. Basi, akiwa karibu na umri wa miaka arobaini, akaenda Moscow kujifunza sinema, kwa kuwa aliihesabu sinema kuwa shule ya jioni ya watu wake. Aliporejea akatengeneza Borom Sarret, filamu ya dakika 20 hivi. Jina hilo lina maana ya mwenye mkokoteni.

Kisa chake ni siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Asubuhi anasali, anatoka kutafuta riziki. Abiria wake ni maskini kama yeye, na kuna ambaye malipo yake ni kushikana mkono tu. Ombaomba mlemavu anamwomba, asimpe kitu. Lakini msifu nasaba anapomwimbia ushujaa wa mababu zake, anafungua mfuko na kumpa pesa zote. Anambeba baba mwenye maiti ya mtoto mchanga, na makaburini wanazuiwa langoni kwa sababu karatasi hazikutimia. Mwishowe bwana mmoja aliyevaa vizuri anamshawishi ampeleke mtaa wa wakubwa, ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Askari anamsimamisha, nishani yake inaanguka, na buti la askari linaikanyaga. Mkokoteni unachukuliwa. Yule bwana anaondoka bila kulipa. Mwendesha mkokoteni anarudi nyumbani na farasi wake, mikono mitupu. Mkewe anampa mtoto amshike, anaahidi kwamba usiku huo watakula, kisha anatoka nje. Filamu imekwisha.

Senegal ilikuwa imepata uhuru mwaka 1960. Kwa dakika 20 Sembène aliuliza swali ambalo hotuba nyingi za miaka ile ziliogopa kuligusa: uhuru huu umemfikia nani? Aliuliza bila kumtukana mtu, na wala hakumfanya maskini wake malaika. Mtu yule yule anayeonewa na askari ndiye aliyempita mlemavu na kumtajirisha msifu nasaba.

Tumepata kuionyesha filamu hii kwa wanafunzi wa kidato cha tatu, kwa shuka jeupe ukutani na mashine ya kuazima, huku tukiwafasiria maneno yake ya Kifaransa. Mwisho wake ulizusha mabishano. Wavulana kadhaa walicheka, wakamhukumu mke yule papo hapo kwamba amekwenda kujiuza. Msichana mmoja alisimama akasema: “Mama ameahidi chakula, hakusema kitatoka wapi. Na baba naye hakuuliza.” Darasa lilinyamaza, kisha likaanza upya: kuhusu baba, kuhusu askari, kuhusu akina mama wanaotoka alfajiri kila siku katika miji yetu na hakuna anayewauliza wanakotoa chakula. Filamu ya dakika 20 ilichukua vipindi viwili vya mazungumzo. Tangu siku ile hatujaona haja ya kumthibitishia mtu kwamba ufupi si upungufu.

Jambo moja wanafunzi waliligundua wenyewe: kwa nini mwendesha mkokoteni wa Dakar anawaza kwa Kifaransa? Swali hilo Sembène mwenyewe alilijibu kwa vitendo. Mwaka 1968, katika Mandabi, wahusika wake walisema Kiwolofu. Kauli haikamiliki mpaka imepata lugha yake.

Kwetu Afrika Mashariki mfano mzuri ni Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Ron Mulvihill, Mmarekani. Kwa muda usiotimia dakika 40, na kwa Kiswahili, inamfuata mwanamke mgonjwa anayewaogopa waganga wa jadi tangu utotoni, hadi anapokabiliana na hofu yake. Jambo ambalo filamu za zamani zingelifanya mahubiri juu ya ushirikina, hapa limekuwa safari ya nafsi ya mtu.

Waliofuata wamezidi kuupanua uwanja. Wanuri Kahiu wa Kenya, katika Pumzi ya mwaka 2009, alituhamishia katika wakati ujao, baada ya vita vya maji, ambapo watu wanachuja jasho na mikojo yao ili wapate kunywa. Mwanamke aitwaye Asha anaotesha mche mmoja na kuubeba jangwani. Maneno ni machache sana. Mche ndio unaosema. Amil Shivji wa Tanzania, katika Shoeshine ya mwaka 2013, alimweka kijana mng'arisha viatu kando ya barabara ya Dar es Salaam, akaacha jamii nzima ipite mbele ya brashi yake. Huyu ndiye aliyekuja kuigeuza riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu ndefu mwaka 2021.

Lakini hatuna budi kutaja pia mfano unaotusumbua. Filamu iitwayo Watu Wote, ya mwaka 2017, inasimulia shambulio la basi karibu na Mandera, Kenya, Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Mmoja wa waliopigwa risasi alikuwa mwalimu, Salah Farah, aliyefariki Januari 2016. Wahusika wanasema Kiswahili na Kisomali, na filamu iliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar mwaka 2018. Mwongozaji wake, Katja Benrath, ni Mjerumani, na kazi ilikuwa ya kuhitimu masomo yake mjini Hamburg. Kazi ni ya heshima, nasi hatumlaumu mgeni kwa kuuona ushujaa wetu. Tunajiuliza tu: ushujaa wa mwalimu wetu ulipotokea, kamera zetu sisi zilikuwa wapi?

Jibu si uvivu wa vijana wetu. Filamu fupi haina soko. Wakati filamu za Kiswahili zilipouzwa kwa kanda na sahani, wafanyabiashara walitaka kisa kirefushwe hata kigawanywe sehemu ya kwanza na ya pili, ili mnunuzi alipe mara mbili. Mwongozaji wa filamu fupi huandika, huazima kamera, huwalisha waigizaji kwa fedha yake, na akimaliza hana duka la kuipeleka. Tamasha la filamu la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, limewapa jukwaa; lakini tamasha ni la siku chache, na mwaka una siku nyingi.

Siku hizo nyingi ndizo zilizo mikononi mwa walimu. Yanahitajika mambo matatu tu. Kwanza, filamu fupi isomwe darasani kama isomwavyo hadithi fupi: wahusika, mandhari, lililosemwa na lililofichwa. Pili, wanafunzi waandike visa vyao vya dakika tano, kwa Kiswahili, juu ya watu wa mtaa wao. Tatu, kazi zilizokwisha kutengenezwa zitafutwe na kuhifadhiwa katika maktaba zetu, maana filamu isiyohifadhiwa hufa kabla ya aliyeitengeneza.

Wazee walisema padogo pako si pakubwa pa mwenzako. Kisa cha dakika kumi, tukikisema wenyewe, kwa lugha yetu, ni mali yetu.