Zamu ya Usiku, Sehemu ya 6: Pointi zako umeziweka wapi?

Inboksi imejaa: "Sista, na wewe unacheza gemu?" Nacheza jamani. Nikitoka zamu ya usiku, nikifika Kikuyu na kuoga, usingizi hauji hapo hapo. Nawasha laptopu yangu ya mtumba, naingia Skyrim, gemu ya tangu 2011: majoka yanayoruka, mapanga, uchawi.

Mle kuna aina 18 za ujuzi, na kila ukipanda levo unapewa pointi moja tu. Wengi ninaowajua wanazimaliza kwenye upanga, au upinde na kunyata. Uponyaji wanaudharau, eti chupa za dawa zipo. Sasa sikia. Pointi ya kwanza ya uponyaji inafanya tiba za mwanzo zile nusu tu ya nguvu za uchawi. Ujuzi ukifika 40, chukua Respite: ukijitibu, afya inarudi na pumzi inarudi. Bila pumzi hupigi pigo zito. Wenzako wakiishiwa chupa, wewe bado umesimama.

Halafu kuna Speech, ujuzi wa maneno. Huu nilikuwa naucheka hata mimi. Kupunguziwa bei dukani, basi?

Wodini nako nilikuwa hivyo hivyo. Miaka mitatu ya diploma, sifa yangu ilikuwa sindano, mshipa haunikimbii. Akalazwa mzee mmoja, presha haishuki. Vidonge nampa mkononi, natiki kwenye chati, naenda kitanda kinachofuata. Daktari akaanza kusema tuongeze dawa.

Usiku ule wodi ilikuwa imetulia. Nikavuta stuli, nikamsalimia kwa Kigogo nilichookota kwa majirani: "Mbukwenyi, babu." Akacheka matamshi yangu. Tukaongea mambo ya mtama na mvua. Baadaye akafungua fundo la shuka lake. Vidonge vyote vilikuwa mle. Anamwekea bibi nyumbani, naye ana presha, hela ya dawa hakuna.

Nilitetemeka. Dawa ingeongezwa juu ya dawa ambayo hajawahi kuimeza, na tiki zote ni zangu.

Nikamwambia daktari ukweli. Babu akaanza kumeza nikiwa namwona, presha ikashuka. Bibi tukamwita, akapimwa, akaandikiwa dawa zake mwenyewe.

Siku hizi natoa dawa nikiwa nimekaa, nasubiri mpaka imezwe. Na kwenye gemu, Speech nimeanza kuipa pointi.

Wewe za kwako umeziweka wapi?